Nilivyofuta sauti za wazee wa Simiyu, na historia ya amri ya kufuta

Kama hujawahi kutumia kompyuta kwa kuandika amri badala ya kubofya, usiikimbie makala hii. Amri nitakazokuonyesha ni mbili tu, na zinatofautiana kwa herufi chache. Moja ndiyo niliyoiandika. Nyingine ndiyo niliyotakiwa kuiandika.

Ilikuwa saa nne usiku, Bariadi, kwenye nyumba ya wageni jirani na stendi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimezunguka Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu nikiwahoji wazee kuhusu ngitili. Kwa asiyejua: ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ili majani yabaki yamesimama mpaka kiangazi kikali. Ni benki ya majani, kwa maneno mengine. Utaratibu huo ulivurugika sana miaka ya 1970 wakati watu walipohamishiwa vijijini wakaacha maeneo yao, na ulirudi kwa nguvu kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004. Enzi hizo hakukuwa na Mkoa wa Simiyu. Mkoa wetu ulizaliwa 2012, na kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Takwimu zinazotajwa sana ni kwamba mradi ulianza ngitili zikiwa kama hekta 600 tu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Takwimu hizo zimeandikwa tayari. Ambacho hakijaandikwa vya kutosha ni namna wazee walivyokuwa wakiamua: nani anafunga, nani anafungua, mtu akiingiza ng'ombe usiku anafanywa nini. Hayo yalikuwa kwenye sauti nilizorekodi. Picha za maeneo yenyewe nilikuwa nazo pia, nyingi. Vyote nilivipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku usiku, bando likiwa la bei nafuu na mtandao umetulia. Kupandisha peke yake kulinila wiki tatu.

Usiku huo nilitaka kupunguza bili. Programu yangu ilikuwa imetengeneza nakala ndogo ya kila picha, jina likiishia na "-ndogo.jpg", na sikuzihitaji tena. Nikaandika hivi:

aws s3 rm s3://ndoo-yangu/ --recursive --include "*-ndogo.jpg"

Isome kama Kiswahili: futa ndani ya ndoo yangu, ingia mpaka ndani kabisa, jumuisha yanayoishia na "-ndogo.jpg". Inaeleweka, au sivyo? Nikabonyeza Enter. Mistari ikaanza kushuka, kila mmoja ukianza na neno "delete". Nikaenda kuchemsha maji ya chai. Niliporudi, mistari iliyokuwa inashuka ilikuwa na majina ya sauti.

Tutarudi hapo. Kwanza nikueleze kwa nini kompyuta haikuniuliza chochote, maana swali hilo lilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Amri "rm" ina umri kama wa wazazi wa wengi wetu. Ipo kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya mfumo wa Unix, cha Novemba 3, 1971, uliotengenezwa Bell Labs, Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Jina ni fupi kwa sababu ya kawaida kabisa: siku hizo ulizungumza na kompyuta kupitia mashine ya kuchapa yenye kelele, iliyotoa herufi kama kumi kwa sekunde kwenye karatasi. Hakukuwa na kioo. Kila herufi uliyoandika ulilipa kwa muda na kwa vidole. Na kila neno ambalo kompyuta ingekujibu lilikula karatasi. Kwa hiyo ukawa utamaduni: amri ikifanikiwa, kompyuta inanyamaza. Ukisikia kimya, ujue kazi imefanyika.

Cha kuvutia ni kwamba kwenye kitabu kile kile kulikuwa na amri nyingine ya kufutia, "dsw". Hiyo ilipita faili kwa faili, ikitaja jina na kusubiri: ukijibu "y", inafuta, usipojibu hivyo, inaacha. Yaani wazo la kuuliza kwanza lilikuwepo tangu siku ya kwanza, kando ya lile la kutouliza. Wataalamu wakachagua lisilouliza. Siwalaumu sana. Ukiwa na mafaili ishirini unaweza kujibu "y" mara ishirini. Ukiwa na elfu ishirini utaweka kitu kizito juu ya kitufe cha "y" uende zako, na hapo swali limekuwa pambo.

Kuna jambo jingine kuhusu "rm" ya zamani ambalo watu wengi hawalijui. Haikuwa ikifuta kitu, kwa maana tunayoielewa. Ilikuwa inaondoa jina. Faili kwenye Unix lingeweza kuwa na majina mawili au matatu sehemu tofauti, na "rm" ilikata jina moja tu. Likikatwa jina la mwisho, na hakuna programu inayolitumia, ndipo mfumo unasema: nafasi hii sasa ni huru. Data zenyewe zinabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana mafundi kule mjini wanaweza kukurudishia picha za memori kadi uliyofuta kwa bahati mbaya, mradi hujaendelea kupiga nyingine.

Kumbuka hilo: kufuta ni kukata jina.

Sasa turuke hadi Machi 14, 2006. Siku hiyo Amazon ilifungua huduma ya S3, na kuanzia hapo mtu yeyote mwenye kadi ya benki aliweza kukodi nafasi kwenye kompyuta za watu wengine na kulipia anachotumia. Chombo cha kuwekea wakakiita ndoo. Jina zuri, kwa sababu ndani ya ndoo hakuna rafu. Ukiona "sauti/itilima/mzee01.wav" unaweza kufikiri kuna folda ya sauti, ndani yake folda ya Itilima. Hakuna. Huo wote ni mstari mmoja, jina refu la kitu kimoja, na ile mikwaju ni herufi kama herufi nyingine. Folda unazoziona ni hisani ya programu inayokuonyesha.

Na wale wahandisi walikuwa na tatizo ambalo Thompson na Ritchie hawakuwa nalo. Kila kitu unachoweka kinanakiliwa kwenye mashine kadhaa, kwenye majengo tofauti, ili moja ikiungua kingine kibaki. Sasa ukisema "futa", nani aambiwe kwanza? Mashine moja ikikosa habari kwa sababu mtandao umekatika, ikirudi itasema "mimi ninacho kitu hiki, nyie mmekipoteza?" na kukirudishia uhai. Mpaka Desemba 2020, S3 ilikuwa na tabia hiyo kidogo: ungeweza kufuta kitu, ukauliza orodha, ukakiona bado kipo kwa muda, kama mtu aliyeaga akasimama mlangoni.

Mifumo mingi ya aina hii inatatua tatizo kwa njia ambayo mwanzoni inachekesha: badala ya kuondoa kitu, unaandika kitu kipya kinachosema "hiki kimekufa". Wahandisi wanakiita jiwe la kaburi. S3 ilipoleta matoleo mwaka 2010, yaani uwezo wa kutunza kila toleo la kila kitu, ilitumia wazo hilo hilo waziwazi. Ukifuta kwenye ndoo yenye matoleo, hakuna kinachoondoka. Juu ya kitu chako inawekwa alama ya kufutwa, na anayekitafuta anaambiwa hakipo. Ukiifuta alama yenyewe, kitu kinarudi.

Hapa nivute kiti kidogo, maana nilipokuwa nasoma haya nilikumbuka jambo ambalo halina uhusiano na kompyuta hata kidogo.

Mei 1961, miezi saba kabla ya uhuru wa Tanganyika, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alituma maelekezo kwa serikali za makoloni yaliyokuwa yanakaribia uhuru kuhusu nyaraka zipi zisiachiwe serikali mpya. Zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, au polisi, au wapelelezi wake, zilitakiwa kuchomwa au kusafirishwa. Maelekezo ya kuharibu yalikuwa ya kina kuliko ya programu yoyote niliyowahi kusoma: karatasi zichomwe mpaka ziwe majivu na majivu yenyewe yavunjwevunjwe, au ziwekwe kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa kwenye maji ya kina kirefu, yasiyo na mkondo, mbali na pwani iwezekanavyo.

Nchini Kenya mafaili yaligawanywa makundi mawili. Moja liliitwa "Legacy", la kuachiwa warithi. Jingine "Watch", la macho ya Waingereza pekee. Na ilipotokea faili moja la "Watch" kuondolewa katikati ya kundi la "Legacy", iliagizwa litengenezwe faili pacha la uongo, liwekwe pale pale pengo lisionekane. Fikiria hilo kwa lugha ya ndoo zetu. Alama ya kufutwa inasema ukweli: hapa palikuwa na kitu. Faili pacha linasema kwamba hapakuwahi kukosekana kitu.

Yale yaliyosafirishwa yalikaa kimya hadi 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa na kesi Mahakama Kuu ya London na serikali ikalazimika kukiri kwamba ilikuwa na maelfu ya mafaili kutoka makoloni 37 kwenye jengo lililoko Hanslope Park. Yalihamishiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, yakafunguliwa kwa umma kati ya 2012 na 2013 chini ya namba FCO 141. Ya Tanganyika yamo. Jina lilikatwa, data zikabaki. Ila yale yaliyochomwa hayakuwa na pa kurudi, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo tofauti niliyokuja kukutana nayo Bariadi.

Turudi kwenye chai yangu.

Kosa lilikuwa hili. Ile programu inaanza na msimamo kwamba kila kitu kimejumuishwa. Ukiiambia "jumuisha picha ndogo", unaiambia jambo ambalo tayari inalijua, kama kumwambia konda "na mimi naenda Lamadi" wakati basi zima linaenda Lamadi. Ili iguse picha ndogo peke yake, unatakiwa kwanza utoe vyote, halafu urudishe unavyovitaka, kwa mpangilio huo huo:

aws s3 rm s3://ndoo-yangu/ --recursive --exclude "*" --include "*-ndogo.jpg" --dryrun

Hilo neno la mwisho, "--dryrun", ni mazoezi: linakuorodheshea vitakavyofutwa bila kufuta chochote. Ukiridhika, unaliondoa na kurudia. Linaandikwa kwa sekunde moja. Nililijua. Nilishawahi kumfundisha mtu.

Na kwa nini kilichopanda kwa wiki tatu kilishuka kabla maji hayajachemka? Kwa sababu kupandisha unatuma sauti nzima, na kufuta unatuma jina tu. Bando lako dogo linatosha kabisa kuharibu. Huduma yenyewe inakujibu kwa namba 204, maana yake "sawa, sina la kusema". Ukiiambia ifute kitu ambacho hakijawahi kuwepo, inakujibu 204 vile vile.

Utasikia watu wanasifu hifadhi hizi kwa uimara wa asilimia 99.999999999, tisa kumi na moja. Kampuni yenyewe inaieleza hivi: ukiweka vitu milioni kumi, utarajie kupoteza kimoja kila miaka elfu kumi. Mimi naiamini kabisa hesabu hiyo. Inahusu diski kuharibika na majengo kuungua. Haimhusu mwenye ndoo aliyechoka saa nne usiku. Kwake yeye mfumo ni mtiifu, na utiifu huo nao ni wa uhakika wa tisa kumi na moja.

Sikuwa wa kwanza, na kwa siku mbili tatu nilijifariji kwa kusoma waliotangulia. Mwaka 1998, wakati wa kutengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu aliandika amri ya "rm" mahali pasipostahili na sehemu kubwa ya filamu ikapotea. Nakala rudufu za studio zikagunduliwa kuwa hazifanyi kazi, na kilichookoa ni kwamba Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Kilichoniuma zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kwa sababu ni watafiti kama sisi. Desemba 2021, programu iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zamani za mfumo ilirekebishwa ikiwa inaendelea kufanya kazi, ikavurugika, ikaanza kufuta mafaili ya watu. Zilipotea kama terabaiti 77, mafaili yapata milioni 34, ya makundi 14 ya utafiti. Makundi manne hayakuweza kurudishiwa.

Sisi huku tunapenda kusema "iko kwenye wingu" kana kwamba wingu ni mahali salama pa mwisho. Wingu la Simiyu kila mkulima wa pamba analijua: linakuja, linatanda, na linaweza kwenda Magu bila kunyesha.

Ndoo yangu ilikuwa na matoleo? Ndiyo na hapana. Ndoo ilipoanzishwa, mwenzangu wa maabara aliwasha matoleo. Baada ya miezi kadhaa niliona bili inapanda, kwa sababu kila picha niliyorekebisha toleo lake la zamani lilibaki na kulipiwa. Matoleo yakishawashwa hayazimwi kabisa, yanasitishwa tu. Nikayasitisha. Sheria ya hapo ni hii: vilivyoingia wakati matoleo yamewashwa vina namba yake ya toleo, na ukifuta vinafunikwa tu na alama. Vilivyoingia baada ya kusitisha havina namba, na ukivifuta alama inakaa mahali pao, vyenyewe vinaondoka. Kwa hiyo usiku ule, amri moja ilifanya mambo mawili tofauti ndani ya ndoo moja. Mahojiano ya Maswa na Meatu yalifunikwa. Asubuhi niliziondoa alama, yakarudi yote, hata na zile picha ndogo nilizokuwa nazichukia. Mahojiano ya Itilima, niliyoyafanya mwishoni, yalichomwa mpaka majivu yakavunjwevunjwa.

Memori kadi ya kinasa sauti? Niliifuta kabla ya safari iliyofuata. Si ilikuwa imeshapanda kwenye wingu.

Usinielewe vibaya, sisemi tusifute. Kule ng'ambo ya Pori la Akiba la Maswa, ndani ya Serengeti, mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 kuanzia 2010, na kama robo tatu ya picha zake hazina mnyama yeyote, ni majani yaliyotikiswa na upepo. Kuna anayeona hizo ni uchafu wa kufutwa. Mimi mtu wa malisho naona miaka ya majani yaliyopigwa picha mahali pale pale, na ningeomba mtu asiguse. Upande mwingine kuna kufuta ambako ni wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake ziharibiwe. Mzee akiniambia leo "binti yangu, futa nilichosema kuhusu jirani", nikiandika "rm" kwenye ndoo yenye matoleo nitakuwa nimemdanganya. Nitakuwa nimeweka faili pacha. Hapo natakiwa kufuta kila toleo kwa namba yake, moja moja, na kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki.

Miezi minne baada ya usiku ule nilipigiwa simu kutoka Itilima. Alikuwa mtoto wa mzee mmoja niliyemrekodi kwa karibu saa mbili, mzee aliyekuwa mlinzi wa ngitili ya ukoo wao tangu ujana.

"Mwangaluka, dada. Baba alitutoka mwezi uliopita. Tumekumbuka ulimrekodi. Tunaomba tuisikie sauti yake siku ya kumaliza msiba."

Nilimpa pole. Nikamwambia nitatafuta. Nilichokipata kilikuwa WhatsApp: kipande cha dakika nne nilichomkatia msimamizi wangu, mzee akieleza namna anavyojua kwamba majani yamefika wakati wa kufunguliwa, jogoo akimkatiza katikati na yeye akimcheka. Nikamtumia.

Baada ya siku tatu akapiga tena, akashukuru sana, walikisikiliza watu wote uwanjani. Kisha akauliza, "Na ile ndefu, dada?"

Nikamwambia nimeifuta.

"Umeifuta kwa nini?"

Nilianza kumweleza habari za ndoo na matoleo, nikaona najificha. Nikamwambia nilikuwa najaribu kupunguza gharama, nikakosea. Alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema baba mdogo yupo, ni mdogo wake marehemu, waliilinda ngitili ile pamoja ila yeye kumbukumbu inakuja na kuondoka, asubuhi ndiyo huwa vizuri. Tumepanga niende mwezi ujao, tuanze saa moja kabla jua halijawa kali. Nimenunua memori kadi mbili.